Sura ya Saba: Dazeni Zenye Jina Langu

Katika mji wote wa Winnipeg hakuna mwanamke anayefinya perogi zetu za Kiukreni kama mimi, Nettie Hnatiuk. Waulize akina mama wa kanisa letu, wanaokutana kila Alhamisi kwenye ukumbi wa chini kukanda unga wa ngano. Watakuambia ni kweli kabisa, hakuna mwingine kama Nettie, na ndiyo maana huu ni mwaka wa kumi na moja wameniweka kwenye vitunguu. Wenzangu wanajaza viazi na jibini, wanakunja unga, wanafinya ukingo, wanatosa kwenye maji yanayochemka, na kila moja inatoka nzima kama ilivyoingia. Zangu zinaingia perogi, zinatoka uji.

Sasa niambie, mwanamke wa namna hiyo alifikaje mahali pa kupendwa kwa ajili ya perogi?

Aibu ilianzia dukani kwa mjukuu wangu, Kalyna. Duka lake liko mtaa wa maghala ya zamani, yale ya matofali mekundu, na lina sharti moja tu: hakiuzwi kitu ambacho huwezi kumtaja aliyekitengeneza. Sabuni ina kadi yenye jina la mtu. Soksi zina kadi. Asali ina kadi, na nadhani nyuki wangejua kuandika nao wangepewa ya kwao. Watu wa mjini siku hizi wanapenda hivyo. Wamechoka kubeba mifuko ya vitu visivyo na mwenyewe. Wananunua kimoja, wanakigeuzageuza, wanauliza nani alikifuma na anaishi wapi, halafu wanakwenda nacho nyumbani wamekikumbatia.

Siku anafungua duka, Kalyna alinishika mabega. "Bibi, nina friza ndogo pale kona. Nataka iwe na perogi zako. Jina la kwanza dukani kwangu liwe lako."

Ningesema nini? Nyumbani kwangu tumekula perogi kila Jumapili tangu mama yake Kalyna hajaota meno, na hakuna aliyewahi kuuliza zimetoka wapi. Swali lisiloulizwa mimi sina tabia ya kulijibu. Nilikwenda kwa Lesia Boychuk, jirani yangu, ambaye akifinya hata mawe yatashikana. Nikamwambia nina wageni. Nikanunua dazeni baada ya dazeni, nikazihamishia kwenye mifuko mipya, nikaandika kadi kwa mwandiko wangu mzuri wa darasa la sita: *Nettie Hnatiuk*.

Kila nilipoipita ile friza nilikuwa natazama upande wa soksi.

Halafu akaja Walter Prokopchuk.

Juu ya ghala la tatu kutoka dukani kuna ukumbi mdogo wa maigizo, viti themanini, na kiti cha tatu mstari wa nyuma usikikalie, kitakuangusha. Mimi hutundika makoti pale Jumapili kwa kujitolea. Huku kwetu Februari mtu anavua nguo nusu ya uzito wake, lazima awepo wa kuzipokea. Walter ni mstaafu wa reli, mjane kama mimi, na anapiga fidla katikati ya maonyesho. Tulikuwa tunasalimiana tu. Siku moja akaegemea kaunta yangu, macho yake ya rangi ya jinzi iliyofuliwa sana yakinitazama kama mtu anayesoma tangazo.

"Samahani, bibie. Wewe ndiye Nettie Hnatiuk wa kwenye kadi?"

Hapo ndipo ningesema, hapana, kadi ina makosa. Lakini mwanamume hajaniita bibie tangu mwaka sijui gani.

"Ndiye mimi."

"Nimekula perogi zako." Akafumba macho. "Nilikula dazeni nzima nimesimama jikoni, hata sahani sikuchukua. Mama yangu alikuwa mfinyaji, Mungu ampumzishe, lakini hakuwahi kunifanya nifunge macho."

"Asante," nikasema. Masikio yakapata moto.

Ikawa kila Jumapili. Alinunua dazeni moja kwa wiki, kisha anakuja kwenye kaunta kunisimulia. Wiki hii vitunguu vimekaa vizuri. Wiki hii unga mwepesi kama kitambaa cha arusi. Mimi nasema asante. Baada ya onyesho tukawa tunakwenda kwenye mkahawa wa Wafilipino pale kona kula wali na nyama ya kukaanga, magoti yetu yakigusana chini ya meza kwa bahati mbaya, na bahati mbaya hiyo ikawa inatokea wiki hadi wiki. Nikilala nasikia fidla. Nikiamka naona ile kadi.

Binti yangu Darlene, mama yake Kalyna, alipopata habari alikuja na viatu vyake vya theluji mpaka jikoni.

"Mama, huyo mtu ni Mwothodoksi, wa lile kanisa la ng'ambo ya barabara!"

"Nimeona. Wana kuba kama zetu, nyimbo kama zetu, na nasikia hata vitunguu ni vilevile."

"Marehemu baba angesema nini?"

"Baba yako hata alipokuwa hai hakuwa msemaji."

"Unacheka, Mama. Watu wanakucheka wewe. Una miaka sitini na tisa, mzee wa fidla anakuja kukuimbia habari za chakula. Anakujua wewe au anajua perogi?"

Darlene alitaka kunichoma tu. Hakujua kwamba amechoma pale pale penye kidonda. Nikageukia sinki nikaosha kikombe ambacho kilikuwa kisafi.

Basi Kalyna akatangaza Jumapili ya Mikono. Kila ambaye jina lake liko dukani aje akae dirishani afanye kazi yake watu wakiona, wa soksi na sindano zake, wa sabuni na sufuria yake. Walter atapiga fidla. Bibi atafinya.

"Kidole kinaniuma," nikasema.

"Nitakuwekea kiti chenye mto, Bibi."

"Mto ni wa kidole?"

"Bibi! Walter ameshawaambia watu wote wa ukumbini. Wanakuja kwa ajili yako."

Jumapili yenyewe, saa tano asubuhi, baridi nje ya kukatisha pumzi na duka limejaa mpaka vioo vimetoa jasho. Nilikaa dirishani nimefunga aproni mpya, mbele yangu unga, bakuli la viazi, na jiko dogo la umeme lenye sufuria inayochemka. Darlene alisimama karibu na sabuni na mkoba wake kifuani. Lesia Boychuk naye alikuja, kofia yake ya sufi kichwani, anatabasamu kama mtu aliyealikwa arusini. Sikumwalika. Walter ndiye alimwalika, siku aliponisindikiza mpaka mlangoni, eti aje aone rafiki yake anavyosifiwa.

Walter akapiga wimbo mmoja wa taratibu, halafu akaja akachuchumaa karibu na kiti changu, magoti yakilia kuliko fidla.

"Nettie, mbona umejikunyata?"

"Baridi."

"Humu ndani watu wanavua sweta."

"Basi ni joto."

Akacheka. Akashusha sauti. "Unajua nimengoja siku hii kiasi gani? Leo baada ya onyesho nina neno nataka kukuambia. Nilikuwa nasema nitasubiri Pasaka, lakini Pasaka yenyewe mwaka huu kwenu tarehe yake na kwetu tarehe yake. Nimeona nisisubiri ya mtu yeyote."

Moyo wangu uliruka. Mwanamke anajua neno la namna hiyo ni neno gani, hata akiwa na meno ya bandia. Na wakati uleule nikatamani sakafu ile ya mbao ipasuke, nianguke mpaka kwenye stoo.

Nikafinya. Nikafinya kwa nguvu zote nilizopewa, nikafinya mpaka vidole vikawa vyeupe, kumi na mbili juu ya ubao, na kwa macho kweli zilikuwa zinafanana na perogi. Nikazitosa. Watu wakapiga makofi. Nikaweka mfuniko haraka.

"Toa tuone!" akasema mzee mmoja mwenye sahani tayari.

"Bado."

"Dakika tano sasa, bibi."

"Zangu zinataka muda."

Kalyna, mtoto mwenye moyo mwepesi, akaja akafunua mfuniko yeye mwenyewe. Mvuke ukapanda. Ulipotulia, ndani ya sufuria hakukuwa na perogi hata moja. Kulikuwa na maji meupe, viazi vinaelea, na vipande vya unga vimelegea kama soksi kwenye ndoo.

Yule mzee akachungulia. "Kumbe ni supu?"

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Lesia hakucheka. Alichungulia sufuria, akanitazama, kisha akaenda pole pole kwenye friza ya kona, akatoa mfuko mmoja, akautazama kwenye mwanga. Mjue kwamba ukingo wa perogi ni kama mwandiko. Lesia alivunjika kidole kidogo ujanani kwenye kiwanda cha kushona, na kila perogi yake mwishoni ina kibonyeo ambacho mtu mwingine hawezi kukiweka hata akitaka. Alikiona. Nilimwona akikiona.

Alirudisha mfuko ndani, akafunga friza taratibu.

"Unga wa leo mbovu," akasema kwa sauti ya kusikika. "Hata mimi juzi uliniangusha. Nettie hana kosa."

Angenitukana ningevumilia. Angesema, mwizi wewe, ningemjibu, tukamalizana. Lakini alisimama pale na kofia yake ya sufi akaniokoa mbele za watu, na mimi wageni wangu wote wa uongo niliomwambia wakanijia mmoja mmoja usoni. Shingo ikawaka, kifua kikawaka. Sikujua mtu wa miaka sitini na tisa bado ana damu nyingi hivyo ya kupandisha usoni.

"Si unga," nikasema.

"Nettie, acha," Lesia akanong'ona.

"Si unga. Mimi sijui kufinya. Sijawahi kujua. Zile za kwenye friza ni za Lesia Boychuk, zote, tangu siku ya kwanza. Nilizinunua nikaweka jina langu."

Sindano za mwanamke wa soksi zikasimama. Darlene aliweka mkoba wake chini katikati ya sabuni. Kalyna alikwenda kwenye friza, akabandua kadi yangu, akachukua kalamu sikioni, akaandika nyingine, akabandika. Alifanya taratibu, bila hasira, kama mtu anayefuta meza. Kadi yangu akaitia mfukoni mwake. Nilitamani aitupe.

Walter alikuwa amesimama na fidla inaning'inia.

"Kwa hiyo nilikuwa nakula za Bi Lesia?"

"Ndiyo."

"Dazeni zote kumi na nne?"

"Zote, Walter."

Alitazama fidla yake, akailaza kwenye sanduku, akafunga kufuli moja, akafunga la pili. Akaniinamia kichwa kama unavyomwinamia mtu usiyemjua kwenye lifti. Akatoka. Baridi ikaingia mlango ulipofunguka, na sikuona mtu yeyote akilalamika.

"Twende nyumbani, Mama," Darlene alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole. Hilo nalo lilinitoa machozi.

"Makoti yananingoja."

"Makoti! Baada ya haya?"

"Watu watavua tu, Darlene, mimi niwe na aibu nisiwe nayo."

Saa nane kasorobo nilikuwa nyuma ya kaunta yangu. Igizo lilikuwa limetungwa na dereva mmoja wa basi wa hapa hapa, habari za ndugu wawili wanaogombea nyumba ya mama yao, na mjini walikuwa wanalisema sana, foleni ilifika ngazini. Nilipokea makoti nikitazama vifungo tu. Wengine walikuwa wametoka dukani moja kwa moja. Nilitambua viatu vyao. Mmoja akaniambia, "Pole, bibi," nikampa namba mbili za koti badala ya moja.

Koti la Walter nililijua kabla ya kuliona, kwa harufu ya sabuni ya mierezi. Aliliweka juu ya kaunta. Nikaweka namba. Akachukua. Vidole vyetu havikugusana, na safari hii haikuwa bahati mbaya.

Nilisikiliza igizo kupitia mlango uliofungwa. Ndugu wakigombana, watu wakicheka, kisha fidla. Ule wimbo wa katikati alikuwa kila wiki anaupiga kwa haraka, wa kuchekesha. Leo aliupiga pole pole mpaka watu wakaacha kukohoa. Nilijificha uso kwenye koti la manyoya la mke wa daktari wa meno, nikalia kidogo, nikalipangusa.

Mapumziko yalipofika watu wakamiminika kununua kahawa. Walter akaja akasimama mbele ya kaunta, mikono imefungwa kifuani.

"Nataka kuelewa," akasema. "Sitaki ugomvi."

"Uliza."

"Kwa nini?"

Nilikuwa na utani wa kujibu, ninao siku zote. Safari hii uligoma kutoka.

"Mama yangu alikufa nina miaka sita," nikasema. "Hakuna aliyenionyesha. Nilipoolewa, mama mkwe alinipa unga mbele ya mashemeji, zikapasuka zote, wakacheka mpaka Krismasi ya mwaka uliofuata. Tangu hapo nyumbani nimeficha. Miaka arubaini na nane, nyumbani na kanisani, nimekata vitunguu, Walter, nikisema nalia kwa vitunguu. Mtoto akaja akaniambia anataka jina langu. Nilitaka kitu kimoja duniani kiwe na jina langu. Halafu ukaja wewe, ukafumba macho."

Macho yale ya jinzi yakalainika, nikaona, halafu akajikaza tena.

"Si perogi, Nettie. Hata kama zingetengenezwa na mashine. Wiki kumi na nne nimesimama hapa nakusimulia ladha. Ulinitazama machoni ukasema asante. Kumi na nne! Mimi mwenzio uongo siuwezi. Marehemu mke wangu alikuwa anajua, reli nzima wanajua. Walter Prokopchuk akisema treni inafika saa nne, inafika saa nne. Nitaishije na mtu ambaye sijui lini anasema kweli?"

"Huwezi," nikasema. "Una haki."

"Neno nililotaka kukuambia leo..."

"Usiliseme. Litunze, utampa mtu anayestahili."

Tukatazamana. Sikuinamisha macho, nikaona angalau hilo nimpe. Na sijui, labda angelisema, labda angeondoka, kwa sababu palepale mwanamke mfupi mwenye miwani mikubwa alijipenyeza kwenye foleni na kuweka viwiko vyake juu ya kaunta yangu.

"Samahani, dada. Wewe ndiye Nettie wa perogi?"

"Siye," nikasema. "Nilikuwa."

"Mimi Pearl, dada yake huyu. Ninakaa naye, au yeye anakaa kwangu, inategemea nani amelipa umeme. Nimekuja kuona igizo, lakini nimesema leo lazima nikuone. Tafadhali, ndugu yangu, usimuuzie tena!"

"Pearl," Walter akasema, "nenda kanywe kahawa."

"Sinywi. Friza yangu imejaa mifuko yako, dada, mpaka bata mzinga nimemlaza nje kwenye theluji. Nikiuliza ni za nini, ananiambia ni za kwaya ya kanisa. Kwaya gani isiyokula? Hakuna mfuko hata mmoja uliofunguliwa!"

Nilishika ukingo wa kaunta. "Hakuna uliofunguliwa?"

"Nani afungue? Mimi natazama uzito. Na huyu?" Akamtwanga Walter kiwiko cha mbavu. "Huyu ngano daktari amemkataza miaka ishirini. Kipande cha mkate tu, anavimba tumbo, analala siku tatu ananiita usiku na mchana. Mimi kwangu ni wali na viazi tu, ndugu yangu, nimekoma hata kununua unga."

Kengele ya sehemu ya pili ikalia. Watu wakaanza kurudi vitini, vikombe mikononi, na yule mzee wa sahani akapita akitutazama mmoja mmoja. Walter alitakiwa awe ameshakaa mahali pake na fidla begani. Hakusogea. Mikono yake ilikuwa imefunguka kutoka kifuani, na masikio, yale masikio makubwa ya mtu wa reli, yalikuwa mekundu kuliko kuta za ghala.

"Walter," nikasema kwa upole sana, "zilikuwa na ladha gani?"

Akamtazama Pearl, akatazama makoti, akatazama viatu vyake.

"Zilionekana tamu," akasema.